Injini Inapumua

Kazi yangu ni kushona viti vya magari, na nimeifanya muda wa kutosha kujua kwamba kiti cha dereva ndicho kitu pekee ndani ya gari la mtumba kisichojua kusema uongo. Saa ya kilomita inarudishwa nyuma. Injini inasuguliwa kwa sabuni na brashi mpaka inang'aa. Rangi inapigwa upya. Lakini ule ukingo wa kiti, pale paja la dereva linapopita akipanda na kushuka, ukishalika umelika, na sponji iliyolala haiamki kwa maneno matamu. Watu huniletea gari wakaniambia limetembea kidogo tu, lilikuwa la mama mmoja mtaratibu. Mimi naangalia ukingo, nanyamaza, nachukua vipimo. Huyo mama mtaratibu, kama magari yote niliyoambiwa ni yake yalikuwa yake kweli, hakupata hata nafasi ya kushuka akalala.

Kibanda changu kiko ndani ya ua wa gereji, upande wa kushoto ukiingia getini. Katikati ya ua anafanya kazi fundi wa dizeli ambaye kila mtu anamwita Nozeli. Gari likiletwa linatoa moshi mweusi, alikuwa analisikiliza kidogo, anasema "Nozeli," yaani kile kidude kinachonyunyiza dizeli ndani ya injini, halafu anakwenda kunawa mikono. Wateja wageni walidhani anajitambulisha, na jina likamganda. Nozeli alikuwa mume wa mdogo wangu. Waliachana, lakini mimi bado namwita shemeji na yeye ananiitikia, maana talaka ilikuwa yao wawili, mimi haikunihusu.

Waliachana kwa ajili ya maneno. Sisemi matusi, hayo hayakuwepo. Nasema uhaba wa maneno. Mdogo wangu anapenda aulizwe, ajibiwe, abishiwe, achekeshwe. Nozeli akirudi nyumbani alikuwa anasema "Nimerudi," kana kwamba hajaonekana, na hapo maongezi ya jioni yamekwisha. Mdogo wangu alivumilia, akalalamika, akanuna, mwisho akasema ni afadhali anyamaziwe na kuta, kwa sababu kuta hazidai chakula. Akaondoka na oveni yake ya mikate. Watoto hawakuwa nao.

Aliyeumia na talaka kuliko wote ni mama. Baba alipolazwa kwa ule ugonjwa wa mapafu uliommaliza, Nozeli ndiye aliyekuwa akimpeleka mama hospitali kila asubuhi na kumrudisha, ndani ya pikapu yake ya kuvutia magari mabovu, hasemi neno kwenda wala kurudi. Mdogo wangu alikuwa na mikate yake, mimi nilikuwa na viti vyangu. Mama husema katika siku zile hakuna mtu aliyemfariji kama yule mmoja ambaye hakumwambia ajikaze. Basi talaka ilipotoka, yeye hakuitambua. Aliendelea kumwita Nozeli mwanangu na kumletea chai ya saa nne pale uani, na mdogo wangu alihesabu kila chupa ya chai kama usaliti.

Hali ilikuwa hivyo lilipokuja suala la gari.

Mdogo wangu alikuwa akioka mikate ya maduka ya mtaani kwao na kuisambaza kwa baiskeli yenye vikapu. Ghafla shule moja ya bweni, ng'ambo ya pili ya mji, ikamtaka awapelekee mkate wa asubuhi. Mpishi mkuu wa shule hiyo ni mwanamke mnene, mpole, mwenye sheria moja: mkate uwe mezani kabla ya kengele ya kwanza. Ukichelewa mara moja atakusamehe. Ukichelewa mara ya pili, atamrudia mwokaji wake wa zamani na wala hatakununia, atakusalimu tu mkikutana. Kwa mdogo wangu shule ile haikuwa biashara peke yake. Tangu aondoke kwa mumewe alikuwa akiambiwa na ndugu na majirani kwamba atarudi tu. Alitaka kitu kikubwa kinachosimama kwa jina lake mwenyewe. Akiipoteza shule, angerudi kwenye vikapu, na wale wote wangekaa mkao wa kusubiri arudi na kwingine.

Kwa hiyo alihitaji gari, na gari lenyewe liwe la kuwaka alfajiri, kwenye baridi, bila kubembelezwa. Akaona tangazo la gari dogo la mizigo, la dizeli, lililotumika. Akaja kibandani kuniuliza.

"Niulize viti," nilimwambia. "Injini usiniulize."

"Dada, umekaa gereji miaka yote hiyo."

"Na daktari wa meno amekaa karibu na masikio miaka yote hiyo."

Hata hivyo nilimwambia ninayoyajua. Nilimwambia dizeli nzuri inakula kidogo, inabeba vingi na haichoki, na kwa sababu hiyo hiyo ajiulize kwa nini mwenye nayo anaiuza. Nilimwambia dizeli haifi ghafla, inakufa polepole huku ikifanya kazi, na hapo ndipo wanunuzi wanapopigwa chenga. Moshi mweusi, dizeli haiungui vizuri, na hilo lina tiba. Moshi mweupe usiokoma, kuna maji mahali yasipotakiwa. Moshi wa bluu, injini inakunywa oili, shika njia urudi kwenu. Nikamwambia aende mapema, na kabla ya salamu aweke kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, basi muuzaji ameliwasha tangu asubuhi ili likuwakie kirahisi mbele ya macho yako, kwa kuwa dizeli iliyochoka huona aibu ikiwa baridi tu.

"Lakini mtu wa kuliangalia hasa," nilisema, "yule pale."

Nozeli alikuwa amelala chini ya lori, miguu ndiyo inayoonekana.

"Simtaki," alisema mdogo wangu. Akaitazama ile miguu. "Tuseme mama aende naye. Yeye aangalie, amwambie mama, mama aniletee jibu. Mimi na yeye hatuonani, hatusemezani."

Nilimwambia kwamba hata walipokuwa wameoana hawakuwa wakisemezana, kwa hiyo hapo hajabadilisha kitu. Aliondoka bila kuaga.

Mama alikubali kwa furaha, akavaa nguo zake za kutokea. Yaliyotokea huko ametusimulia mara nyingi, kwa hiyo nayajua kana kwamba nilikuwepo. Muuzaji alikuwa mtu nadhifu, mwenye leso mfukoni na gari lililooshwa hadi chini ya matairi. Alisema lilikuwa la mama mmoja. Nozeli aliweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa, akasema, "Tutasubiri." Wakasubiri lipoe. Muuzaji akaongea. Aliongea juu ya uimara wa dizeli, juu ya wazungu wanaoendesha dizeli mpaka zinakuwa za wajukuu, juu ya bei ya kila kitu duniani. Nozeli akawa anatazama ukuta. Mama akapewa kiti, akasinzia.

Boneti ilipopoa, Nozeli aliwasha. Likakataa, likakohoa, likawaka. Akalifungua, akazungusha kifuniko cha oili, akakitoa huku injini ikiunguruma, akaweka mkono juu ya tundu. Akasimama hivyo kitambo. Akarudisha kifuniko, akafuta vidole na kitambaa chake kimoja baada ya kingine.

"Vipi, mwanangu?" mama akamuuliza.

"Inapumua."

"Inapumua?"

"Inapumua sana, mama."

Akaenda kuwasha pikapu. Kwa Nozeli, hiyo ilikuwa hotuba, na gari lile alishalizika.

Maana uani kwetu, injini kupumua ni ugonjwa. Zile ringi zinazoshika pistoni zikilika, nguvu iliyotakiwa kusukuma gari inapenya pembeni, inashuka kwenye oili na kutafuta pa kutokea. Ukifungua kifuniko unaikuta inafoka hapo juu, fu, fu, fu, na mvuke. Fundi akisema inapumua, mwenye gari anakaa chini. Akisema inapumua sana, anashika kichwa. Hakuna fundi anayeeleza neno hilo, kama vile wewe usivyoeleza maana ya mvua.

Lakini mama si fundi. Alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wangu, akamkuta amejaa unga mpaka nyusi.

"Amesema inapumua sana."

"Hivyo tu?"

"Si unamjua."

Alimjua, na kumjua huko ndiko kulikomponza. "Sana?" aliuliza. "Alisema sana? Mama, tangu mtu yule anioe sijamsikia akisema kitu chochote ni kitu sana. Hata siku ya harusi alisema nimependeza, basi." Akanawa mikono. Jioni ile gari lilikuwa lake. Akanipigia simu akasema Nozeli amelipitisha, nami nikasema kama Nozeli amelipitisha, basi limepita. Sikuuliza alilipitisha kwa neno gani. Ningeulizia nini?

Kilichofuata kiliniburudisha kwa muda, kabla sijajua. Mdogo wangu hakuwa mtu wa kubaki na deni la shukrani, hata kwa adui. Alituma mkate kwa mkono wa mama, mkate wa maziwa, ule anaouoka kwa ajili ya watu anaowapenda. Nozeli alidhani anashukuriwa kwa ushauri uliofuatwa. Aliukata kwa kisu chake cha kazi baada ya kukifuta, akaula ameelekea ukuta, akaja hadi mlangoni pa kibanda changu.

"Mkate mzuri," alisema.

Mama, aliyekuwa akifunga chupa ya chai, alinikonyeza kama msichana. Ukatumwa mkate mwingine wiki iliyofuata. Mama akaanza kupanga mambo kichwani, nikaona kabisa anavyopanga.

Gari nalo likawa linakwenda. Muuzaji alikuwa amelijaza oili nzito kupita kiasi, ile inayoziba mapengo na kuficha kelele kwa muda, na kwa muda huo mdogo wangu alikuwa wa kwanza kufika shuleni, kabla hata ya walimu. Halafu oili ikaanza kupungua. Akaongeza. Ikapungua tena. Moshi ukawa wa bluu, akajiambia ni kwa sababu ya alfajiri. Kuwasha kukawa kazi ya kuomba. Lakini hakuliona tatizo ni la injini, kwa kuwa injini ilipimwa na mtu asiyewahi kukosea injini. Kosa litakuwa betri, alisema. Kosa litakuwa dizeli ya kituo kile. Alibadilisha betri, akabadilisha kituo.

Asubuhi ikafika likakataa kabisa. Alilisukuma na wapita njia mpaka likawaka kwa wingu la moshi lililowafanya waliolisukuma wakimbie. Kengele ya kwanza ilikuta meza za shule zina chai tupu. Mpishi mkuu alimsamehe, akamwambia, "Mara moja, mwanangu, kila mtu," na mdogo wangu akaelewa iliyobaki ni ngapi. Kutoka hapo hakwenda nyumbani. Alilielekeza gari gerejini kwetu, mahali alipoapa hatakanyaga.

Nilisikia kwanza mlio, nikatoka na sindano mdomoni. Aliingia getini na makreti matupu yakigongana nyuma, akasimama katikati ya ua, akashuka akiacha injini ikiwaka, kwa vile aliogopa kuizima. Nozeli alikuwa ameshika spana. Alilitazama gari. Alimtazama mtalaka wake. Akalitazama gari tena.

"Ulilinunua?" aliuliza.

"Nililinunua? Si wewe uliyesema ninunue!"

"Mimi nilisema inapumua."

"Ndiyo! Ulisema inapumua!"

"Sasa?"

"Sasa nini? Ulisema inapumua, na tena ulisema sana!"

"Nilisema sana," alikubali Nozeli, naye akapandisha sauti, jambo ambalo uani hatujapata kulisikia. "Nilisema inapumua sana!"

"Basi kwa nini ulinidanganya?"

Mafundi waliacha kazi. Mimi mwenyewe nimesikia ugomvi mwingi pale, wa gasketi, wa vipuri vilivyobadilishwa, wa wake za watu, lakini sijawahi kuona watu wawili wakirushiana sentensi ileile moja, kila mmoja akiamini imemmaliza mwenziwe. Mpiga rangi wa jirani alianza kucheka. Mimi nikaelewa, nikatoa sindano mdomoni, na sikuona cha kucheka.

"Nyamazeni," nilisema. "Nyie nyote wawili mko sawa na ndiyo shida yenyewe."

Nikamweleza mdogo wangu neno hilo lina maana gani kwetu. Alinisikiliza akiwa amekunja mikono, uso wake ukibadilika polepole. Mtu aliyejiandaa kupigana na mtu hapendi kuambiwa hakuna mtu wa kupigana naye. Akatafuta. Na mama, kwa bahati mbaya, ndiyo kwanza alikuwa akiingia getini na chupa yake ya chai.

"Mama!" alisema mdogo wangu. "Neno moja! Nilikupa neno moja tu ulibebe, na hata hilo ukaniletea limeoza!"

Mama alisimama. Hakuelewa.

"Kupumua ni ugonjwa, mama. Injini ikipumua inakufa. Alikuambia gari linakufa, ukaja kwangu unachekelea. Hukuuliza maana yake nini? Ungeuliza tu! Shule imebaki kwenye uzi, kwa sababu yako wewe na mkweo na ububu wake!"

Alikuwa na haki ya kukasirika, hilo nalisema. Lakini nilitamani nimzibe mdomo kwa kitambaa cha kiti. Mama aliweka chupa chini, juu ya tairi, akaisawazisha isianguke.

"Nioneshe," alimwambia Nozeli.

"Mama, oili ina moto."

"Nioneshe huko kupumua."

Nozeli alifungua boneti. Injini ilikuwa bado inatikisika. Alitoa kifuniko, na mvuke ukafoka kwa vipindi, na harufu ya kuungua. Alikunja kitambaa safi, akakiweka kwenye kiganja cha mama, akaushika mkono wake kwa chini na kuusogeza juu ya tundu, kwa mbali kiasi asiungue. Mama alisimama hivyo akisikia ile pumzi ikimpiga, ikamwacha, ikampiga.

"Huu ndio ugonjwa?"

"Ndiyo, mama. Injini nzima haitoi kitu hapa. Inakuwa kimya."

"Mimi sikujua kama kuna kupumua kubaya," alisema mama. Hakuwa akimwambia mtu yeyote hasa. "Siku zile za baba yenu, nesi alikuwa hanipi neno jingine. Nafika mlangoni, namuuliza vipi, ananiambia anapumua. Basi mimi nashukuru, nashuka, nakula kitu. Siku akisema anapumua vizuri, nalala usingizi. Nilikuwa silitafuti neno jingine asubuhi nzima, ni hilo tu. Sasa huyu mwanangu aliponiambia inapumua sana..." Aliondoa mkono. "Nilifurahi, jamani. Sikuona cha kuuliza."

Mpiga rangi alirudi kwenye rangi yake. Mdogo wangu alibaki ameikunja mikono yake ileile, ila sasa alikuwa anajishikilia. Hakuwa amewahi kwenda wodini asubuhi, na mimi pia sikuwa. Tulikuwa tukimpigia mama simu mchana, tunauliza vipi, naye anatuambia anapumua, nasi tunaendelea na kazi.

Nozeli alizima gari. Alifunga kifuniko, akakikaza zaidi ya inavyohitajika.

"Ni mimi," alisema. "Ningesema bovu. Neno lipo."

Kwa kipimo chake, alikuwa ametoa machozi. Mdogo wangu alimtazama, akamtazama mama, akaiokota chupa ya chai kutoka kwenye tairi, akammiminia mama kwanza.

Kuomba radhi kulikuja baadaye, nyumbani, na sikuwepo. Pale uani tulikuwa na mkate wa kesho wa kufikiria. Injini ilibidi ishushwe na kufunguliwa, na shule haingesubiri. Nozeli alisema, "Pikapu." Mdogo wangu akasema mkate hunywa harufu kuliko sponji, na pikapu ile inanuka dizeli hata ikiwa imesimama kwenye upepo, watoto wa watu watakula mkate wenye ladha ya injini. Ndipo nilipopata na mimi kazi ya maana. Nilichukua ile ngozi ya plastiki nene ninayovalisha viti vya malori, nikashona gunia kubwa la kuziba makreti yote, mshono juu ya mshono, na mdomo wa kufunga kwa kamba. Nozeli aliosha pikapu kwa sabuni, akaosha tena. Alfajiri wakaondoka, yeye kwenye usukani, mdogo wangu pembeni, mkate nyuma ukiwa umefungwa kama mgonjwa wa kuambukiza.

"Mliongea?" nilimuuliza mdogo wangu.

"Aliongea."

"Alisemaje?"

"Tumefika."

Lakini alisema hivyo akicheka, na kengele ya kwanza iliwakuta wameshapakua. Mpishi mkuu alinusa mkate mmoja, akaurudisha mezani, akaendelea na uji wake. Wakaenda hivyo kila siku mpaka injini ilipokuwa tayari. Kama unasubiri niseme walirudiana, mimi sijui. Mdogo wangu bado anakaa kwake, na Nozeli bado anatazama ukuta, ila siku hizi anautazama akiwa na mkate.

Siku gari lilipomalizika tulikuwa wote uani. Nilikuwa nimelishonea kiti cha dereva upya, na kile cha pembeni pia. Nozeli aliliacha usiku kucha lipoe, makusudi. Akaweka kiganja cha mdogo wangu juu ya boneti ili ahakikishe mwenyewe, kisha akaliwasha. Likawaka mara ya kwanza tu, bila moshi wa kuzungumzia. Akaliacha lipate moto. Akafungua kifuniko cha oili, akachukua karatasi nyepesi ya kufungia mkate, akailaza juu ya tundu.

Hicho ndicho kipimo chake. Injini mbovu huirusha karatasi. Injini iliyochoka huitetemesha. Hii ililala tu pale juu, injini ikiunguruma chini yake, na haikusogea hata ukingo.

"Vipi?" aliuliza mdogo wangu.

Nozeli alifungua mdomo. Niliona neno likija, lile lile analowaambia wateja wote siku ya furaha, halafu nikaona amemwona mama. Akafunga mdomo. Alisimama pale akitafuta neno jingine, mtu ambaye hana maneno ya akiba, na alikuwa akitoka jasho.

Mama alikuwa ameinama juu ya injini, anaitazama karatasi. Asubuhi ya mwisho ya baba, nesi alitoka hadi kwenye ngazi kumpokea, ili asilisikie neno lile mlangoni. Hilo alituambia wiki ile ile ya gari, baada ya miaka yote.

"Haipumui," alisema mama.

"Ndiyo, mama," alisema Nozeli, taratibu.

"Na ni nzima."

"Nzima kabisa. Itamfikisha."

Mama aliendelea kuitazama. Akainyoosha ile karatasi kwa kidole kama mtu anayetandika shuka, ingawa ilikuwa imenyooka, kisha akaichukua, akaikunja, akaitia mkobani.

"Basi funika," alisema.

Mdogo wangu alitoa kifuniko mkononi mwa Nozeli, akakifunga mwenyewe. Akamshika mama mkono, akamzungusha hadi upande wa pili, akamfungulia mlango, akampandisha kwenye kiti changu kipya na kumfunga mkanda. Alimwambia shule iko mbali, na kwamba yeye akiendesha huwa anaongea njia nzima, kwa hiyo avumilie.